Aya ya Tatu Iko Wapi? Maneno ya Ufahamu kwa Mwanafunzi wa Garissa

Swali lilikuwa jepesi: kwa mujibu wa aya ya tatu, kwa nini wakazi walihama? Kijana wa dawati la mbele, aliyekwisha kuhifadhi juzuu nyingi kuliko miaka yake, alijibu kwa mwandiko safi na sentensi isiyo na doa. Nikampa sufuri. Alinifuata na karatasi mkononi, hana hasira, ana mshangao tu. "Maalim, si hii hapa aya ya tatu?" Kidole chake kilikuwa juu ya sentensi ya tatu ya kifungu. Akahesabu mbele yangu: moja, mbili, tatu. Kwake kila nukta ilikuwa mwisho wa aya, kama alivyozoea tangu akiwa mdogo mbele ya loox, ule ubao wa dugsi, yaani chuo cha Kurani, unaoandikwa kwa wino wa mkaa na kuoshwa somo likishakaa kichwani.

Alama zile sikuweza kumpa. Lakini tangu siku ile nafundisha ufahamu kwa namna nyingine, na ndiyo ninayokuandikia hapa.

Watu husema mtoto wa Garissa, Wajir au Mandera huingia kwenye Kiswahili mikono mitupu, kwa kuwa nyumbani husema Kisomali, dugsini husoma Kiarabu, na Kiswahili hukutana nacho darasani. Mimi naona kinyume chake. Maneno tunayotumia kuchambua maandishi kwa Kiswahili, mengi yametoka kwenye Kiarabu, na mizizi yake umeisikia kabla hujajua kufunga kamba za viatu. Unaingia na gunia limejaa. Shida ni kwamba baadhi ya maneno yaliyomo yamebadilika maana njiani, kama lile la aya, na hakuna aliyekukalisha chini akakwambia lipi limebaki lilivyokuwa na lipi limegeuka. Kama wewe ni Mmunyoyaya au Mmalakote wa kandokando ya Tana, au Mboni wa Ijara, mengi ya haya yanakuhusu vilevile. Na kama hukupitia dugsi kabisa, keti na jirani yako aliyepitia, mwulize maneno, naye akuulize.

Kwanza ujue uzito wa jambo. Karatasi ya pili ya Kiswahili katika KCSE, yenye msimbo 102/2, ina alama 80: ufahamu 15, ufupisho 15, matumizi ya lugha 40, isimujamii 10. Karatasi ya tatu, ya fasihi, ina 80 nyingine, na humo pia unapewa dondoo au shairi na kuulizwa maswali ya aina ileile. Aliyeingia gredi ya 10 Januari 2026 katika mtaala wa umilisi atayahitaji maneno haya sawa na kaka yake anayengoja KCSE.

Majina ya vipande

Tuanze na mahali. Kifungu ni maandishi yote uliyopewa usome. Mtahini huweza pia kuyaita taarifa au makala. Aya katika Kiswahili cha shule ni fungu la sentensi kadhaa zenye wazo moja, linaloanza kwenye mstari mpya. Aya moja inaweza kuwa na nukta saba. Basi kabla hujasoma swali lolote, chukua penseli uandike 1, 2, 3 pembeni mwa kila aya. Ni kazi ya nusu dakika. Dondoo ni maneno yaliyotolewa kutoka kwenye maandishi marefu zaidi, na alama zake za kunukuu hukuonyesha yanapoanza na yanapoishia.

Kwenye shairi hakuna aya. Kuna ubeti, na ndani ya ubeti kuna mishororo. Ukiandika "katika aya ya pili ya shairi hili", mtahini anajua mara moja kwamba hujazoea mashairi.

Lipo neno jingine linalowasumbua wanafunzi wangu, nalo ni sherehe. Chini ya shairi au mwishoni mwa kitabu utakuta kichwa kimeandikwa "Sherehe", kisha maneno magumu na maelezo yake. Msichana mmoja aliniuliza ni harusi ya nani. Hapana harusi. Ni lile neno la Kiarabu sharh, ambalo kwa Kisomali mnasema sharax, yaani kueleza. Sheikh anapofungua kitabu cha fiqhi akafafanua mstari kwa mstari, hiyo ndiyo sherehe. Ukiikuta, isome kabla ya shairi lenyewe.

Swali linakuamuru nini

Alama nyingi hupotea hapa, na hupotea kwa wanafunzi walioelewa kifungu vizuri kabisa. Kila swali lina kitenzi kinachokuamuru, na kila kitenzi kina kipimo chake.

Taja maana yake ni kutoa jina la kitu, basi. Eleza ni kutaja kisha kuonyesha kwa nini au kwa namna gani. Twende soko la mifugo tuone tofauti. Ukiambiwa utaje sababu mbili za bei ya mbuzi kushuka, unaandika: ukame, na wingi wa mbuzi sokoni. Umemaliza, weka kalamu. Ukiambiwa ueleze, unaandika hivi: ukame hukondesha mifugo, na mwenye mifugo huharakisha kuuza kabla haijamfia, hivyo mnunuzi ndiye anayepanga bei. Umeona jinsi sababu ilivyoshikana na matokeo? Aliyeandika neno "ukame" peke yake kwenye swali la eleza amepata nusu ya alama au hakupata kitu, na atarudi nyumbani akisema mtihani ulikuwa rahisi.

Fafanua ni kueleza kwa upana zaidi na kwa mifano. Kwa Kisomali kuna faahfaahi, lenye maana ya kutoa maelezo kwa kina. Sikwambii kwamba yametoka mahali pamoja. Nakwambia utumie la nyumbani kulikumbuka la mtihani.

Bainisha linahusiana na bayani, uwazi. Unatakiwa kukitenga kitu na vingine kionekane peke yake. Ukiambiwa "bainisha tamathali ya usemi katika sentensi hii", usieleze sentensi nzima. Onyesha tamathali ni ipi na imekaa kwenye maneno gani.

Thibitisha ndilo ninalolipenda kuliko yote, kwa sababu mwanafunzi wa dugsi analijua tayari bila kujua kwamba analijua. Katika fiqhi, ukisema jambo hili lafaa au halifai, mwenzako atakuuliza: iko wapi dalili? Huwezi kusema "mimi naona hivyo". Unaleta aya au hadithi. Thibitisha ni kuleta dalili kwa maana hiyo hiyo, ila safari hii dalili yako inatoka kwenye kifungu kilicho mbele yako. Jibu lisilo na maneno ya kifungu ni hukumu isiyo na dalili.

Jadili hudai pande zaidi ya moja. Wazee wanapoketi chini ya mti kuamua ugomvi wa kisima, hakuna anayekata shauri baada ya kusikiliza upande mmoja. Kwa hiyo ukiulizwa ujadili faida ya kuishi mjini kwa mujibu wa taarifa, angalia pia kama taarifa imetaja hasara. Tathmini limezaliwa na thamani: unapima kitu, unasema kina uzito kiasi gani na kwa nini. Linganisha ni kutafuta yanayofanana, tofautisha ni kutafuta yanayoachana, na ukiambiwa yote mawili usifanye moja. Dondoa ni kuokota maneno ya kifungu kama yalivyo, bila kuyabadilisha hata kiambishi.

Sasa lile fungu la maneno linaloanzisha maswali mengi: "kwa mujibu wa kifungu". Mujibu na wajibu yametoka kwenye mzizi mmoja. Unawajibika kwa kifungu, umefungwa nacho. Hata kama unalijua jambo kuliko aliyeandika, na kuhusu ngamia au ukame bila shaka unalijua kuliko yeye, hapa huulizwi unajua nini. Unaulizwa yeye amesema nini. Wanafunzi hodari ndio wanaoanguka zaidi kwenye shimo hili, kwa sababu wana mengi ya kuongeza.

Mwisho wa swali tazama alama zilizo kwenye mabano. Alama 3 kwa swali la taja ni hoja tatu. Ukitoa mbili umejinyima, ukitoa sita umepoteza muda wa swali lingine.

Muktadha, na darasa la tafsiri

Ikiwa utakumbuka sehemu moja tu ya mwongozo huu, naomba iwe hii.

Dugsini ulianza kwa kuhifadhi. Ulisoma, ukarudia, ukasomeshwa tena, mpaka maneno yakakaa. Maana ilikuja baadaye. Hiyo ni elimu tukufu na kumbukumbu uliyoijenga itakufaa maisha yako yote. Ufahamu, hata hivyo, ni kazi nyingine, na jina lake linajieleza: fahamu, neno ambalo Kisomali pia kinalo. Mwanafunzi anayesoma kifungu mara nne akitarajia kitakaa kichwani amefanya kazi ya hifdhi. Kifungu hakitaki kukaa kichwani mwako. Unacho mbele yako muda wote wa mtihani.

Mfano unaokufaa uko msikitini mwezi wa Ramadhani. Umewahi kuketi kwenye darasa la tafsiri? Mwanafunzi mmoja husoma aya kwa Kiarabu. Sheikh humsimamisha, akalichukua neno moja moja na kulieleza kwa Kisomali. Kisha hueleza sababu ya kuteremka: aya hii ilikuja lini, ilimhusu nani, kulikuwa na tukio gani. Baada ya hapo ndipo husema maana yake. Hajawahi kuanza na maana. Huanza na neno, akaenda kwenye hali iliyolizunguka, akafika kwenye maana.

Hali hiyo iliyolizunguka neno ndiyo muktadha. Katika karatasi ya fasihi utaambiwa: eleza muktadha wa dondoo hili, alama 4. Hizo nne zina mahali pake. Nani anasema, anamwambia nani, wako wapi, na kwa nini maneno hayo yametoka. Wanaosoma tamthilia ya Timothy Arege, Bembea ya Maisha, wanaulizwa hivyo hivyo kuhusu wahusika wake. Ukiyakumbuka maswali ya sheikh huwezi kuisahau hata moja ya hizo nne.

Kwenye ufahamu muktadha unafanya kazi ndogo zaidi lakini ya kila dakika: unaamua maana ya neno. Ndiyo maana mtahini haulizi tu maana ya neno fulani. Anaongeza "kama lilivyotumika katika kifungu". Chukua kata. Chifu wa kata ameitisha baraza. Mama aliteka maji kwa kata. Mvua ilikata ghafla. Neno moja, na kila mara jirani zake ndio waliokwambia maana. Anayejibu kutoka kwenye kamusi iliyo kichwani mwake anabahatisha. Lirudishe neno kwenye sentensi yake, weka maana yako mahali pake, usome. Sentensi ikisimama, maana ni hiyo. Ikiyumba, tafuta nyingine.

Mizizi uliyoisikia, na mitego yake

Fasihi ina maneno ambayo wanafunzi huyakariri kama majina ya dawa. Si lazima. Tashbihi imetokana na kushabihi, kufanana: "mweupe kama maziwa". Istiari kwa asili yake ni kuazima. Kitu kimeazima jina la kingine bila "kama" kati yao, mfano "yule mzee ni simba". Tashihisi imezaliwa na shakhsi, ambalo kwa Kisomali ni mtu: unakipa kisicho mtu matendo ya mtu. Takriri ni ndugu wa kukariri. Taswira ni picha, na nyumbani picha mnaiita sawir. Kwa hiyo taswira ni maneno yanayokuchorea picha akilini. Maudhui ni mawduuc, jambo linalozungumziwa. Muhtasari ni mukhtasar, na vitabu vifupi vya fiqhi huitwa hivyo kwa sababu vimebana mengi kwenye kurasa chache. Umeshasoma muhtasari maisha yako yote.

Hadi hapo mzizi ni rafiki. Sasa mitego.

Hadithi dugsini ni kauli au tendo lililopokewa kutoka kwa Mtume. Katika fasihi ni masimulizi ya kubuni, yale mnayoita sheeko. Usishtuke ukiambiwa hadithi fupi ni ya kubuni. Hakuna aliyekufuru, neno limepanuka. Fasihi kwa asili ni usemi ulionyooka na kupendeza. Kwa Kiswahili ni sanaa yote ya maneno, iwe ya kitabuni au ya midomoni kama gabay. Dhamira inakaribia damiir, sauti ya moyoni inayomwonya mtu, lakini kwenye uchambuzi ni lengo la mwandishi, kile alichokusudia uondoke nacho. Kwa hiyo maudhui yanaweza kuwa ukame, na dhamira ikawa kututaka tuhifadhi malisho.

Mtego mkubwa kuliko yote ni kinaya. Aliyesoma balagha ya Kiarabu anajua kinaya ni kusema kwa kudokeza, kutaja kitu kwa kuzunguka. Kwenye shule za Kenya kinaya ni jambo kuwa kinyume cha lililotarajiwa: zimamoto nyumba yake inateketea, mfunga mabomba kwake hakuna maji. Usichanganye. Majazi nayo kwa Kiarabu ni lugha ya kisanii kwa jumla, na kwetu hutumika hasa kwa majina ya wahusika yanayolingana na tabia zao. Na balagha yenyewe, ambayo huko ni elimu nzima, kwetu utakutana nayo kwenye "swali la balagha", swali lisilongoja jibu.

Maneno haya sita au saba yaandike kwenye ukurasa mmoja wa daftari, upande mmoja maana ya dugsi, upande wa pili maana ya shule. Ukurasa huo una faida kuliko orodha ndefu ya tamathali.

Tusome kifungu pamoja

Nimekuandikia kifungu kifupi. Kisome mara moja bila kalamu, kisha mara ya pili ukiwa na penseli.

Hirola huitwa swala mwenye macho manne, ingawa mawili kati ya hayo ni tezi tu zilizo chini ya macho. Kwa muda mrefu wafugaji wa Ijara walichunga ng'ombe wao ubavuni mwake. Sotoka ilipoingia miaka ya 1980 haikubagua wa nyumbani na wa mwituni, iliwafyeka wote. Waliosalia walikabiliwa na ukame, wanyama walao nyama, na vichaka vilivyozidi kusonga nyasi. Ndipo wakazi wa Ishaqbini, karibu na Masalani, walipokubali sehemu ya malisho yao izungushiwe ua. Mwaka 2012 hirola 48 waliingizwa humo. Mfugaji anayetoa malisho kwa hiari, huku ng'ombe wake mwenyewe akitafuta nyasi, si mtu wa kubezwa.

Swali la kwanza: kwa mujibu wa kifungu, taja mambo matatu yaliyowatishia hirola waliosalia. Alama 3. Nilipolitoa darasani, wengi walianza na sotoka. Neno linaloamua ni "waliosalia". Waliosalia baada ya nini? Baada ya sotoka. Kwa hiyo sotoka haimo. Majibu ni ukame, wanyama walao nyama, na vichaka kusonga nyasi. Mwingine akaandika ujangili. Huenda ni kweli mahali fulani, lakini kifungu hakikusema, nawe umefungwa na kifungu.

Swali la pili: eleza maana ya "sotoka" kama ilivyotumika. Huenda hujawahi kulisikia neno hili. Usiliruke. Liulize maswali kama sheikh. Liliingia wakati fulani, kwa hiyo si kitu kilichokuwapo siku zote. Liliwapata wanyama wa nyumbani na wa mwituni. Liliwafyeka, yaani liliwaangamiza kwa wingi. Je, ni ukame? Hapana, kwa kuwa ukame umetajwa kivyake baadaye. Ni vita? Vita havichagui ng'ombe na swala. Kimebaki kitu kimoja: maradhi ya kuambukiza yanayoua mifugo na wanyamapori. Umefika bila kamusi. Babu yako akisimulia maradhi yaliyomaliza ng'ombe wa ukoo, sotoka ilikuwa mojawapo. Dunia ilitangazwa kuwa huru nayo mwaka 2011.

Swali la tatu: eleza msimamo wa mwandishi kuhusu wafugaji, kisha uthibitishe. Alama 2. Msimamo ni mahali mwandishi alipojiweka, upande anaouegemea. Hautafuti kwenye habari, unautafuta kwenye maneno ambayo habari ingeweza kuishi bila hayo. "Kwa hiari" ni neno la namna hiyo. "Si mtu wa kubezwa" pia. Jibu: mwandishi anawaheshimu wafugaji na kuthamini walichokitoa, kwa kuwa anasema wametoa malisho kwa hiari ingawa ng'ombe wao wanatafuta nyasi, na kwamba hawafai kubezwa. Alama ya kwanza ni ya msimamo, ya pili ni ya dalili. Anayeandika "mwandishi anawapenda wafugaji" akaishia hapo ameacha alama mezani.

Swali la nne: bainisha tamathali mbili. Sotoka "haikubagua": kubagua ni tendo la mtu, hiyo ni tashihisi. "Iliwafyeka": kufyeka ni kazi ya panga kwenye majani, maradhi yameazima kazi ya panga, hiyo ni istiari. Mzizi umekusaidia, sentensi imethibitisha.

Swali la tano: toa kichwa mwafaka. Ukiandika "Hirola" umepanua mno. Kifungu kizima cha elimu ya wanyama kingeingia humo. Ukiandika "Sotoka" umebana mno, umeshika sentensi moja. "Wafugaji wa Ishaqbini na Uhifadhi wa Hirola" inakaa vizuri, kwa sababu kila sentensi ina nafasi chini yake.

Herufi zinazokula alama

Unaweza kujibu sawasawa ukakatwa kwa tahajia na sarufi. Kisomali hakina p, v wala z, na masikio yako yamejengwa juu ya hilo. Si aibu, Mkikuyu ana r na l zake, Mluo ana sh yake. Lakini jua mahali shimo lilipo. Ukiandika "samani" ukikusudia "zamani", umeandika viti na meza. Kuvua na kufua ni vitendo viwili: aliyevua nguo na aliyefua nguo hawafanyi kazi moja. "Kupanda" ikawa "kubanda", mtahini anaweka alama yake nyekundu. Ukimaliza kujibu, rudi kwenye majibu yako ukitafuta b, f na s peke yake. Usisome maana. Angalia herufi hizo tatu, jiulize kila moja kama ina haki ya kukaa pale.

Mwanafunzi mmoja alikuwa akiweka nukta ndogo kwa penseli juu ya kila z aliyokuwa na hakika nayo, kisha akizifuta kabla ya kukabidhi karatasi. Mbinu ilimfaa.

Usome nini, na wapi

Huwezi kujifunza kuogelea Tana ukiwa umesimama Soko Ng'ombe. Soma kila siku, hata ukurasa mmoja. Taifa Leo ni gazeti zuri kwa kazi hii, kwa kuwa tahariri yake ni fupi na ina msimamo ndani yake unaoweza kuutafuta. Nakala ya wiki iliyopita inafaa sawa na ya leo. Maktaba ya taifa ina tawi mjini Garissa, na ndiyo iliyoanza mwaka 1996 kupeleka vitabu kwa ngamia, masanduku mawili ubavuni, kwa watoto wa vijiji vya mbali na wa kuhamahama. Nenda hapo. Dadaab nako, Ifo, Dagahaley na Hagadera, kuna shule zenye vitabu vya Kiswahili ambavyo havijafunguliwa kurasa. Vifungue.

Ukisoma, fanya kazi moja tu. Chagua aya moja, iandikie swali la taja, la eleza na la thibitisha, mpe rafiki yako ajibu. Anayejua kutunga swali amekwisha kujua jibu linatafutwa wapi. Wawili wakifanya hivi kila jioni baada ya Isha kwa muhula mmoja, hawatahitaji kitabu cha marudio.

Ufupisho nimeuacha hadi sasa kwa sababu una hila moja. Unaambiwa ufupishe kwa idadi fulani ya maneno bila kubadilisha maana, na alama nyingine hutolewa kwa mtiririko, yaani sentensi zako zishikane. Usichukue sentensi za kifungu ukazikata mikia. Kwanza andika hoja peke yake, moja kila mstari, kwenye nafasi ya matayarisho. Toa mifano, toa marudio, toa maelezo ya pembeni. Kisha ziunge kwa maneno yako mwenyewe kwenye nakala safi, na uhesabu.

Jaribu sasa hivi. Rudi kwenye kifungu cha hirola, ukifupishe kwa maneno 30. Ukizidi, usianze kupunguza mwishoni, kwenye malisho na ua. Rudi kwenye sentensi ya kwanza, ujiulize zile tezi chini ya macho zina kazi gani hapo.